Mapipa Yaliyopita Sebuleni

Mapipa kumi na manne ya mavi yalipita katika sebule ya mama yangu kwa siku moja, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Yaliingia kwa mlango wa uani, yakapita katikati ya makochi tuliyoyasukumia ukutani, yakatoka kwa mlango wa mbele, ule ule lilikotokea jeneza la baba. Kila pipa lilikuwa na mfuniko wa kukaza na halikumwagika tone. Mama alilia hata hivyo.

Njia nyingine haikuwepo. Mtaa wetu wa Korogwe ulijengwa na watoto na wajukuu wa manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge, kila mtu akijenga pale alipopata, ukuta kwa ukuta. Gari la kunyonya maji taka huishia barabara kuu na mpira wake haufiki kwetu. Choo chetu kiko nyuma ya nyumba, kwenye mteremko. Chini yake kuna ua wa minyaa, kisha kiwanja cha jirani, kisha uchochoro ambao guta la mizigo linaweza kupita.

Shimo lilikuwa limejaa hadi upana wa kiganja chini ya zege. Bwana afya alimulika tochi tunduni, akampa mama maneno mawili: shimo litolewe uchafu kabla ya masika, au vyumba vitano vya wapangaji vifungwe. Mama anaishi kwa vyumba hivyo. Akanipigia simu Handeni, ninakofanya kazi. Njoo uongee na baba yako mdogo, akasema.

Baba mdogo ndiye huyo jirani. Si ndugu wa damu. Yeye na baba walikulia kambi moja ya mkonge na wakanunua viwanja pamoja. Nilimkuta akiziba pancha ya baiskeli.

"Shikamoo, baba mdogo."

Hakuitikia. Kwetu mtu mzima anaweza kukunyima maji ya kunywa, lakini marahaba hakunyimi. Nikarudia. Akaendelea kusugua mpira kwa msasa. Basi nikamweleza hivyo hivyo: kuna kikundi chenye pampu ya mkono, mapipa yanafungwa, watapita ukingoni mwa kiwanja chake na kumwaga chokaa nyuma yao.

"Kumbe mavi ya kwenu siku hizi yanaomba njia," akasema. "Zamani mbona yalipita bila hodi?"

Mama alikuwa anasikiliza nyuma ya minyaa. "Shemeji, marehemu alishakuomba radhi."

"Aliniomba radhi kiangazi, shemeji. Masika akazibua tena."

Alisema kweli. Baba alikuwa akitapisha choo. Mawingu yakifunga juu ya Usambara na mvua ikianza kupiga mabati, alishuka na sururu, akazibua tundu aliloliacha kwenye ukuta wa chini wa shimo, na yaliyomo yakaondoka na maji. Mvua ikikatika, alilishindilia matambara na udongo. Mtaa mzima ulifanya hivyo, na kila mtu alijua mteremko wake unaishia kwa nani. Wetu uliishia kwenye kisima cha baba mdogo. Mkewe alipolazwa kwa kuhara, baba mdogo alikifukia kisima kwa mikono yake. Hakukanyaga tena kwetu hadi msiba wa baba, na siku hiyo alikaa nje. Mama alituambia siku zote kwamba baada ya hapo tundu lilizibwa kwa saruji.

"Njia sitoi," baba mdogo akasema. "Pitisheni kwenu, muone yanavyonuka."

Kikundi kilikuja watu watatu, mkubwa wao mwanamke wa Makuyuni mwenye mabuti hadi magotini. Wapangaji walikataa kwenda kazini siku hiyo. Walipanga viti uani.

"Vyura wameingia!" akapiga kelele mmoja wao, kinyozi. Ndivyo mtaani wanavyoitwa watu wa kumwaga vyoo.

"Chura mimi, bwawa lako," yule mwanamke wa Makuyuni akajibu. Kabla ya kupampu huwa wanavua taka kwa kulabu, na kulabu yake ilikuwa imeinua suruali. "Hii ya nani?"

"Si ile uliyosema imeibwa kwenye kamba?" mke wa kinyozi akamuuliza mumewe. Kinyozi akaingia ndani, hakutoka tena.

Baada ya pipa la kumi na nne pampu ilinyamaza. Yule mwanamke wa Makuyuni alimulika shimoni kwa muda mrefu.

"Mama, huku chini kuna tundu. Mkono unapita."

"Limezibwa kwa saruji," mama akasema.

"Saruji sioni. Naona matambara yaliyooza."

Akagoma kuendelea. Akishusha zaidi, ukuta unaweza kuanguka, na kumwingiza mtu shimoni hawafanyi kamwe. Tundu lijengwe kwa tofali kutoka nje, akasema, na akaonyesha kwa kidole: hatua mbili ng'ambo ya minyaa, ndani ya kiwanja cha baba mdogo.

Nilimtazama mama. "Baba yako alisema atanunua saruji," akasema kwa sauti ndogo, kisha akaanza kurudisha makochi.

Nikaenda tena kwa baba mdogo, nikamweleza habari za tundu. Safari hii aliacha alichokuwa akifanya.

"Kwa hiyo tangu nifukie kisima, yanavuja tu?"

"Ndiyo."

"Mama yako alijua?"

Nikasema hakujua.

"Basi aje aniambie mwenyewe. Akishaniambia, mchimbe."

Bwana afya alikuja, akaona shimo limeshuka, akasaini karatasi. Habari za tundu hakuuliza, na mama hakumwambia. Wapangaji wote watano wapo na wanakitumia choo kama kawaida. Tangu juzi mvua inanyesha upande wa Bungu, huko milimani. Matofali tumeshanunua. Mama bado hajaenda.