Mwalimu Kavu

Watoto walimwita Mwalimu Kavu, na watoto hawakosei sana wanapowabandika watu majina. Kwa miaka minane alifundisha kuogelea shuleni kwetu bila maji kumpita kifundo cha mguu. Mimi ndiye matroni niliyewapokea watoto wakitoka bwawani, nikawafuta, nikawavisha, na nikafua nguo za michezo za shule nzima, za walimu zikiwemo. Kaptura yake ya kuogelea ilinifikia kila Ijumaa ikiwa na mikunjo ileile niliyoipiga pasi Ijumaa iliyotangulia. Haihitaji upelelezi.

Alianza kama msafishaji wa bwawa. Kazi yake ilikuwa kuopoa majani na wadudu kwa wavu wenye mpini mrefu, na kumwaga dawa ya maji. Mwalimu wa kuogelea wa wakati ule alipohama ghafla katikati ya muhula, mwalimu mkuu alimkuta huyu bwana ukingoni akamuuliza kama anajua kuogelea. Mtu mwenye akili zake angesema hapana. Yeye akajibu kwamba maji na yeye ni ndugu. Uongo huo ukampa filimbi, suti ya michezo yenye jina la shule mgongoni, na mke pia, maana mkewe aliniambia mwenyewe kwamba asingeolewa na mwokota majani.

Alifundisha hivi. Aliuchomoa wavu akabaki na mpini mtupu. Mtoto alishika ncha, naye akatembea ukingoni akimvuta, huku akimwagiza apige miguu, apulize mapovu, alegeze shingo, maneno yote aliyokuwa akiyasikia kwa mwalimu wa zamani wakati akifagia. Siku mtoto akishazoea, mpini ulirudishwa nyuma pole pole mpaka mwenyewe anashtukia yuko peke yake na anaelea. Nisimsingizie, watoto walijua kuogelea kweli. Hilo liliniudhi kuliko yote.

Lakini alikuwa na roho mbaya. Anayeficha woga wake humchukia anayeuonyesha. Mtoto akilia, alimwambia anyamaze, asije akaongeza maji bwawani. Aliyeng'ang'ania ukingo aligongwa vidole kwa ule mpini, si kwa nguvu, kwa kiasi tu cha kumfanya aachie. Kulikuwa na mmoja aliyejikojolea kila Jumatano kabla ya somo, na Mwalimu Kavu akamsimamisha awaeleze wenzake kwa nini. Nilimbadilisha nguo yule mtoto, nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na changu. Mwaka wa pili nilimpelekea kaptura yake mkononi nikamuuliza kama ana mpango wa kuilowesha. Akatazama kushoto na kulia, akaniambia kocha wa mpira hafungi magoli. Nikacheka, nikamhakikishia sitasema. Tangu siku hiyo alinisalimu mara mbili kila asubuhi, na nikipita karibu na bwawa alikuwa akinywea. Siri ya mtu mwingine ni tamu, na mimi niliilamba miaka sita.

Mambo yalianza kumbana Mwalimu Kavu siku mwalimu mkuu aliporudi kutoka semina na kijitabu. Chekechea nao waanze, alisema, mtoto wa miaka minne yuko tayari. Ila kwa wadogo hao mwalimu lazima awe ndani ya maji, mkono mmoja chini ya tumbo la mtoto, asimwache mbali hata kwa urefu wa mkono. Kijitabu kilikuwa na picha na kila kitu.

Kwenye kikao cha wazazi Mwalimu Kavu akasimama akatoa hotuba. Alisema mtoto asiingie majini kabla ya kung'oka jino la kwanza. Jino, kwa maelezo yake, ndilo linaloonyesha kwamba mfupa umekomaa, na ukimwahisha mtoto maji yatapenya masikioni na kutafuta njia ya ubongo. Walikuwepo pale wazazi waliosoma wakachakaa. Wakaitikia kwa vichwa, na mmoja akaandika kwenye daftari. Mimi nilikuwa nyuma na trei ya vikombe, nikijiuma midomo. Mwalimu mkuu akaliahirisha jambo hadi muhula unaofuata.

Aliyeumizwa na hotuba ile ni binti yake. Alikuwa na miaka mitano, yuko chekechea, mtoto wao wa pekee, mwenye masikio yaliyochomoza na swali moja tu kichwani. Kila baada ya masomo alishika waya wa uzio wa bwawa akawatazama wakubwa, huku miguu yake ikipiga hewani. Alimwomba baba yake amwingize, naye akamjibu kama alivyowajibu wazazi. Basi kila asubuhi alinijia akiwa amefungua mdomo, nami nikamgusa meno ya mbele moja moja na kumwambia bado. Hayakutikisika hata kidogo.

Ikafika siku ya wazazi. Viti vilipangwa kando ya bwawa, wakubwa wakaonyesha mitindo yao, baba yao wa majini akitembea ukingoni na filimbi. Walipomaliza, binti yake akatokea upande wa vyoo. Damu ilikuwa imemshuka kidevuni mpaka kwenye kola. Alikuwa amelifunga jino kwa kamba ya kiatu, kamba akaifunga kwenye kitasa cha mlango, akamwomba mwenzake aubamize. Alikuja moja kwa moja kwa baba yake akafumbua kiganja.

"Baba, limeng'oka."

Wazazi walicheka mpaka wakafuta machozi. Mwalimu mkuu akasema basi, leo ndiyo leo, chekechea inafunguliwa rasmi na mtoto wa mwalimu mwenyewe. Makofi yakapigwa. Mwalimu Kavu akanitazama mimi.

Ningeweza kuyamaliza pale pale. Mimi ndiye matroni. Ningesema mtoto anavuja damu, apelekwe zahanati, na hakuna ambaye angebisha. Badala yake nilimsukutulisha mdomo kwa maji ya chumvi, nikatangaza yuko salama. Nilitaka kuona. Sina namna nzuri zaidi ya kulisema hilo.

Mwalimu Kavu akashuka ngazi upande wa kina kifupi, na maji yakamfika kifuani. Rangi ilimtoka usoni. Nilimkabidhi binti yake, akampokea, akaweka mkono chini ya tumbo lake kama kwenye picha ya kijitabu, akaanza kurudi kinyumenyume ili mtoto apige miguu kumfuata. Mtoto alipiga vizuri, kwani alikwishajifunza yote kwenye uzio. Watu wakashangilia. Baba mtu akatabasamu, na naamini kwa hatua zile chache alikuwa na furaha ya kweli. Akasahau kwamba sakafu ya bwawa huporomoka katikati. Akiwa ukingoni alikuwa akipaona mahali penyewe kila siku. Sasa alikuwa amepageuzia mgongo.

Alitoweka mara moja. Alipoibuka alishika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni binti yake. Tunasema mfa maji haishi kutapatapa, tunalisema kirahisi tukiwa tumekaa. Mimi nililiona. Alimshika mabegani akamkandamiza, akampanda kwa goti, kisha kwa mguu, ili kichwa chake yeye kipate hewa. Kwa muda wa kuhesabu mpaka tano wazazi walidhani ni sehemu ya somo.

Nikachukua ule mpini nikamnyooshea mtoto. Kiganja kidogo kilitoka majini kikiuelekea. Kikubwa kikauwahi. Nikavuta, maana ningefanya nini, nikamleta baba ukingoni huku binti akibaki chini. Aliyepiga mbizi akamfuata ni msichana wa darasa la nne, akamshika kwa nyuma chini ya kwapa kama alivyofundishwa. Alifundishwa na Mwalimu Kavu.

Mtoto alitapika maji mapajani pangu, kisha akapumua. Baba yake alitambaa kwa magoti mpaka tulipo, akikohoa, mikono ameinyoosha, akimwita mama yangu, mama yangu. Binti akajisogeza ndani ya taulo.

"Umenikanyaga," akamwambia.

"Niliteleza, mama. Baba aliteleza."

"Ulinikanyaga kichwani. Ukakanyaga tena."

Hakulia alipoyasema. Aliyelia ni baba.

Hawakumfukuza. Mwalimu mkuu aliogopa maneno kutoka nje ya geti, akaona heri amrudishie wavu wake na ndoo ya dawa. Watu waliacha kumwita Kavu, wala hawakumpa jina jingine. Nyumbani, mkewe alinieleza, mtoto alikubali kulishwa na kuvishwa na baba yake, ila kuogeshwa hapana. Alikuwa akifunga mlango wa bafu kwa ndani.

Muhula uliofuata akaja mwalimu mpya, dada mmoja mchangamfu ambaye huingia majini kabla ya watoto. Hakuna aliyemsimulia kilichotokea. Chekechea wakaanza. Binti alikaa ukingoni wiki tatu akilowesha vidole tu, na yule dada hakumsukuma. Wiki ya nne akaingia mwenyewe.

Siku hiyo mwalimu aliwakusanya kwenye ngazi akawauliza mtu afanye nini akimwona mwenzake anazama. Wakajibu apige kelele, aite mkubwa, arushe boya. Binti akainua mkono.

"Usimkaribie," akasema. "Hata akikuita. Hata kama ni baba yako."

Dada yule akafurahi sana. Akasema hilo ndilo jibu la siku, watu wazima wengi hawalijui, na wote wampigie mwenzao makofi. Ng'ambo ya bwawa msafishaji alikuwa amesimama na ndoo yake, ameacha kumwaga dawa. Mwalimu akamwona.

"Na wewe mzee," akamwita akicheka, "mpigie mtoto makofi."

Akaiweka ndoo chini, akapiga.