Kitanda cha Wageni

Asubuhi hiyo nilitoka kwenye nyumba ya watoto ya halmashauri nikiwa nimevaa viatu vya msichana mwingine, bila mpango wowote. Nilikuwa na miaka kumi na tano, shule nimeshaitupa, na baba amekwama Kampala akihangaikia pasipoti tangu sisi Wahindi tufukuzwe huko. Nilipanda basi la kwanza lililokuja kwa sababu kiti cha mbele kule ghorofani kilikuwa wazi.

Niliteremka Southall, mtaa uliojaa Wahindi hapa Uingereza. Nje ya duka lake la vitambaa, mama mmoja mjane, Singasinga, alikuwa akilitukana sanduku kwa Kiswahili cha Kisumu. Nikacheka.

"Unacheka nini, wewe? Shika upande huo!"

Nikashika. Kufika saa saba nilikuwa nimekula chapati nne na kumweleza mambo yangu yote. Akapiga simu halmashauri, akawaambia ananichukua.

Afisa wa ustawi alifika alasiri, jasho linamtoka, faili kwapani. Alisema sheria mpya inawaruhusu kufanya majaribio: badala ya kuturundika kwenye nyumba za watoto, watupeleke kwa "watu wetu". Akatutazama, mimi Mwislamu na yeye Singasinga ambao lugha yetu ya pamoja ni Kiswahili, akaridhika kwamba sisi ni kitu kimoja. Hatukumsumbua kwa maelezo.

Kilibaki kitanda. Kanuni ilitaka kila mtoto awe na chake. Mjane akafungua chumba cha juu: kitanda kipana, godoro bado limo ndani ya nailoni.

"Vizuri. Atalala hapa," akasema afisa.

"Hapa?" Mjane alishtuka, akamjibu kwa Kiingereza cha dukani. "Hiki cha wageni! Huyu si mgeni, ni wa nyumbani. Atalala na mimi."

Kwake hakukuwa na heshima kubwa kuliko hiyo. Afisa akafunika kalamu, na mimi nikaanza kuliona basi la kurudi.

"Mama," nikamwambia kwa Kiswahili, "nifanye mgeni basi, mpaka huyu bwana aondoke."

"Mgeni haoshi vyombo. Wewe utaosha."

"Nitaosha."

Alilitazama godoro lake kwa uchungu. Halafu akaishika nailoni kwa mikono miwili, akaichana toka kichwani hadi miguuni, akinung'unika kwa Kipunjabi. Afisa akafunua kalamu, akaandika: miezi mitatu ya majaribio.

"Haya, panda akuone," mjane akaniambia. "Vua viatu kwanza, shenzi!"

"Si vyangu," nikasema, nikavivua.