Chombo cha Maua cha Marehemu Mama

Fundi picha wa ghorofa ya pili huchora nusu tu ya kitu, kisha huiachia kompyuta imalizie nusu ya pili, pande zilingane sawasawa. Siku moja alichora chombo cha maua kilichokuwa kimevunjika zamani, alichofinyanga marehemu mama wa mteja wake. Picha ya chombo hicho haikuwepo, alifuata maelezo ya mteja tu. Alibadilisha rangi mara tisa, na kila mara mteja alitikisa kichwa, machozi yakimlengalenga. Fundi akafuta miwani kwa ncha ya shati. "Hebu niambie, dada, kilisimama wima?" "Wapi! Kiliinama kushoto. Mkono mmoja wa mama ulikuwa dhaifu." Fundi akaivuta shingo ya chombo kidogo kushoto kwa kipanya cha kompyuta. "Ndicho hicho!" mteja akasema. Fundi akaihifadhi picha hivyo hivyo, pande zisizolingana.