Yule Aliyebaki Kushika Mnyororo

Kaka yangu aliamini kwamba yule mwenye pembe hakufa, na mimi nilimwamini kaka yangu. Yote niliyoyaharibu baadaye yalianzia hapo.

Chumba cha geemu kilikuwa Kismayo, mahali palipokuwa ghala la mkaa. Ukiegemea ukuta, shati lilitoka jeusi. Mlikuwa na runinga moja, mashine moja na pedi mbili, ya pili ikiwa na kitufe kilichoshikizwa kwa plasta ya kidonda. Nje jenereta ilinguruma. Mwenye chumba alikuwa Msomali mnene aliyekaa mlangoni na taulo shingoni, akituita sisi Wabajuni "watu wa samaki". Kaka alikuwa amenipita miaka saba na tayari alikuwa na mke. Kazi yake ilikuwa kukalafati mashua, kuziba nyufa za mbao kwa pamba. Alikuja chumbani mchana, kazi ikisimama, mikono ikinuka mafuta ya papa, na mwenye chumba alimpa pedi ya plasta ili asiichafue ile nzima.

Geemu yenyewe ilikuwa ya mji wa kifalme kando ya bahari. Maneno yalikuwa ya Kizungu, nasi hatukuyajua, kwa hiyo hadithi tuliiunga wenyewe kwa kutazama nyuso. Majitu yalivamia mji. Watu wakapakiwa merikebuni. Mdomo wa bandari ulikuwa umefungwa kwa mnyororo mkubwa, na ili merikebu zipite lazima mtu abaki nchi kavu aushikilie usipande. Akabaki mtu mmoja mwenye pembe kama za paa, bubu, aliyemlea malkia tangu akiwa mchanga. Alishika mnyororo mpaka merikebu ya mwisho ikapita. Mawimbi yakapanda gati. Hapo picha ikaonyesha mwezi mpevu, kisha taa yake ikielea, kisha giza.

Basi. Geemu iliendelea siku nyingi, malkia akakua, akashinda, akavishwa taji, na hakuna aliyemuuliza yule mtu. Hata malkia. Hilo lilituuma kuliko kifo chenyewe.

"Amekufa," alisema mwenye chumba. "Amezama. Mtu akizama huzama."

"Utazame mwezi," kaka akamwambia. "Tarehe kumi na tano hiyo, na umekaribia utosini. Maji saa hiyo yako wapi?"

"Kwenye runinga."

"Yamekupwa! Bamvua, mwezi juu, maji yote yametoka. Hapo unaokota pweza. Huyu amengoja kidogo, akapita juu ya mwamba kwa miguu, viatu mkononi."

"Mkononi ana mnyororo," mchezaji mwingine akadakia.

"Basi viatu ametundika kwenye pembe."

Tulicheka mpaka mwenye chumba akatishia kuzima jenereta. "Nyinyi watu wa samaki," alisema, "hata bahari ya kuchorwa mnaiingilia."

"Waliochora hawajui bahari. Mchu hafi hivyo," alisema kaka, kwa Kibajuni chetu, ambamo mtu ni mchu, na hakuwa akicheka tena.

Mimi mbele ya watu ulimi wangu huwa mzito mpaka leo. Lakini nyumbani nilimtaka kaka anieleze upya, naye alieleza: mwezi ukiwa kumi na tano, maji hukupwa dhuha, asubuhi jua likipanda, hujaa Alasiri, hukupwa tena usiku mwezi ukipanda juu. Nilikuwa nimeyajua hayo kabla ya kujua kusoma. Ila sikuwahi kufikiri kwamba hesabu hiyo ingeweza kumfufua mtu.

Kisha mji ukabadilisha mabwana. Wenye bunduki wapya walisema geemu ni haramu. Waliitoa runinga nje wakaivunja kwa nondo, na mwenye chumba akasimama kuwatazama, taulo shingoni, akisema ndiyo, ndiyo. Baada ya wiki chache vita vilianza tena, nasi tukaondoka kwenda Darakasi, kisiwa cha upande wa mama. Hapo tulikaa miezi tukingoja usafiri wa kwenda Kenya. Ulipopatikana, nafasi zilikuwa chache. Mama na mke wa kaka walitangulia na wanawake wengine mpaka Kiunga, upande wa Kenya. Sisi tungefuata siku ya tatu.

Siku ya tatu ilikuwa mwezi kumi na tano.

Mashua yetu ilikuwa imefichwa mikokoni, maana wenye bunduki walikuwa wakizunguka visiwani kuchukua injini na vijana. Tulingoja maji yajae ili ielee. Yalijaa Alasiri, yakafika kwenye matawi, na hapo ndipo tuliposikia boti lao likizunguka ncha ya kisiwa. Tulikuwa watu saba, watano wakiwa wageni tusiowajua, waliotokea Burgao. Tulipanda. Mashua ikagoma kutoka. Kamba ya nyuma ilikuwa imenasa kwenye mizizi chini ya maji. Kaka akaruka. Akazama, akaibuka, akazama tena. Kamba ikaachia na mashua ikasukumika mbele kwa nguvu kuliko alivyotarajia mtu yeyote. Risasi zikaanza. Mwenye usukani hakugeuka. Nilipiga kelele ageuke, au nadhani nilipiga. Mmoja wa wale wageni aliniambia baadaye kwamba nilikaa kimya muda wote.

Kaka alikuwa majini mpaka kifuani, akielekea upande wa mwamba. Kisha nikaona kichwa tu. Kisha tawi likapita kati yetu, na lilipokwisha kupita sikuona kichwa. Maji ya bamvua yakianza kutoka pale, mkondo wake huvuta hata mashua.

Kiunga tulifika siku iliyofuata, baada ya kupita Ras Kamboni bila kusimama. Wale wageni walishuka wakaenda zao. Mama alikuwa ufukweni, mke wa kaka nyuma yake, kanga ameiuma kwa meno.

"Yuko wapi mwanangu?"

Nilitaka kusema nilivyoona. Nikafungua mdomo, na yaliyotoka yakawa haya: "Amebaki. Tulivamiwa dhuha, maji yamekupwa. Amepita juu ya mwamba kwa miguu kwenda bara."

Maneno yalitoka bila kukwama, mimi niliye mzito wa ulimi. Mama alikaa mchangani akasema Alhamdulillahi mara tatu. Mke wa kaka alinitazama, akaiachia ile kanga, akaenda kuniletea maji ya kunywa. Nilidhani amefurahi.

Mombasa tulipata vyumba viwili vya kupanga. Huko tuliitwa Wasomali, na Wasomali walituambia sisi si Wasomali. Mama alimuuliza habari za mwanawe kila aliyefika kutoka Kiunga. Jina la kaka likitajwa na mtu akaongeza "marehemu", mama alimfukuza. "Maiti umeiona? Sijaona maiti mimi." Na kwa kuwa mwanawe yu hai, mkwewe alikuwa mke wa mtu. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, kisha huoga akatoka. Mke wa aliyepotea hana siku ya kutoka. Arusini mama alimkataza hina. Udi alimkataza. Alikuwa na miaka ishirini wakati huo, akishona mashuka kwa cherehani ya kukodi, na jirani walimwita bibi arusi wa hewa, wengine hadi mbele yake.

Mimi nilipata kazi ya kufagia kwenye saiba, duka la intaneti. Mchana ikiwa tupu, mwenye saiba aliniachia kompyuta. Siku moja niliandika yale niliyoweza kuyaeleza kuhusu ile geemu, naye akanisaidia, na tukaiona. Kumbe dunia nzima ilikuwa ikibishana juu ya yule mwenye pembe. Nilisoma polepole, na kamusi. Shule niliiachia darasa la sita. Mmoja alisema yuko nyuma ya umati siku ya taji, amefunika kichwa, na nguo imeinuka pande mbili. Mwingine alisema hizo ni kofia tu. Mmoja aliandika kwamba kwa kuwa maiti haikuonyeshwa, hajafa, na watu mia wakamuunga mkono. Watengenezaji waliulizwa wakajibu kwamba kila mchezaji aamue mwenyewe. Hakuna hata mmoja aliyeuliza maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa.

Nilichukia. Walikuwa wakifurahia. Mtu alibishana juu ya kupotea kwa mtu, akaweka kikaragosi cha kucheka, akaenda kula. Nilirudi nyumbani nikamkuta mama anasema maneno yaleyale, maiti sijaiona, na yeye hakucheka wala hakwenda kula. Nikajua nimemfanyia nini. Nilikuwa nimempa hadithi isiyo na mwisho na kumwambia aamue mwenyewe.

Hata hivyo sikusema. Ulipita mwaka wa tatu. Wa nne ulipoanza, fundi mmoja wa friji, mtu mpole aliyefiwa na mke, alituma watu kuulizia hali ya yule mshonaji. Mama aliwarudisha mlangoni. "Ana mume," aliwaambia. "Mtoto huyu alimwona kwa macho yake akivuka." Akaninyooshea kidole, na wale wazee wakanigeukia, nami nikatikisa kichwa kukubali.

Siku ya pili yake mke wa kaka alinifuata uani nikianika nguo. Hakupandisha sauti.

"Shemeji, nikuulize. Siku ile mlitoka Darakasi kwa miguu au kwa mashua?"

"Kwa mashua."

"Iliyokuwa mikokoni."

"Ndiyo."

"Dhuha. Mwezi kumi na tano." Akakung'uta kanga moja akaitundika kambani. "Dhuha ya mwezi kumi na tano, mikokoni hapana maji ya kumlowesha kaa. Mashua yenu ilielea juu ya nini?"

Nilishika shati bichi mkononi nisijue niliweke wapi. Nilikuwa nimesema uongo ambao mtoto yeyote wa kisiwani angeuona. Nilimtengenezea kaka mwamba wa kupitia, nikasahau kwamba mimi mwenyewe nilihitaji maji.

"Ulijua lini?" nikamuuliza.

"Ufukweni Kiunga, kabla hujafunga mdomo."

"Na mama?"

"Mama yako kazaliwa Darakasi. Wewe wasemaje? Hakutaka kuhesabu, ndiyo tu."

"Mbona hukusema miaka yote hii?"

"Mimi sikuwapo. Ningesema, wangesema natafuta mume." Akalichukua shati mkononi mwangu akalikunja likiwa bichi vilevile. "Nilikuwa nakungoja wewe, shemeji. Nimekungoja wewe kuliko nilivyomngoja yeye."

Nilikwenda naye kwa kadhi. Kadhi alikuwa mtu wa bara, na karani wake pia. Aliniuliza kama nilimwona kaka akifa, nikasema hapana. Akauliza sasa nimekuja kushuhudia nini. Nilieleza kupwa na kujaa, Alasiri na dhuha, mkondo, na kamba, na tawi. Nilieleza vibaya, narudi nyuma, karani ananitaka niseme upya. Kadhi alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza jambo moja: "Na ile habari ya kwanza, ya kupita kwa miguu, uliitoa wapi?"

Ningeweza kumwambia habari za geemu. Nilimwambia, "Nilibuni."

"Kwa nini?"

Kadhi akageukia karatasi zake. Aliipima miaka, akapima na ushahidi, akahukumu kwamba mume amekufa na mke akae eda tangu siku ile.

Ijumaa kaka alisaliwa sala ya ghaibu, isiyo na maiti mbele. Nilikaa nje kwenye mkeka kupokea mikono ya pole. Watu wa kwetu walikuwa wengi kuliko nilivyodhani, wengine wametoka mbali, na kila mmoja alisema Mungu amrehemu. Niligundua kwamba wengi hawakushangaa. Mzee mmoja kalafati aliyefanya kazi na kaka aliniminya mkono akasema, "Umechelewa, lakini si neno." Alisema kwa upole, na ingekuwa heri angenitukana.

Mama hakutoka chumbani. Wanawake waliokwenda kumpa pole aliwajibu, "Matanga ni ya mwenye mume. Nendeni chumba cha pili." Kwangu alisema neno moja tu, jioni ile nilipompelekea chakula: "Risasi zao zilimkosa. Yako imempata." Hata hivyo alikula.

Eda ilipokwisha mke wa kaka alioga, akatiwa hina na majirani walewale waliomcheka, akaolewa na fundi wa friji. Anaishi barabara ya tatu kutoka kwetu. Tukikutana sokoni ananiita shemeji bado, na huwa anauliza hali ya mama. Namwambia hajambo.

Mama bado anauliza. Wiki iliyopita alifika mtu wa Kiunga, nahodha wa boti la mizigo, akakaribishwa chai. Mama alimweleza kijana wake alivyo, urefu, kovu la randa kidoleni, na jinsi alivyopita juu ya mwamba dhuha, maji yamekupwa, akaelekea bara. Yule nahodha alisikiliza akihesabu vidole polepole juu ya goti, kisha akanitazama mimi. Nikamwambia ilikuwa Alasiri, na kwamba kaka tumekwisha kumsalia.

Mama akainuka, akakitwaa kikombe cha mgeni kikiwa na chai nusu, akaenda kuimwaga uani.