Zamu ya Kumgeuza Fundi

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, fundi seremala aligombezwa na mkewe kwa sababu ya penseli. Alikuwa ameinamia chai, penseli ikaponyoka sikioni, chubwi, kikombeni.

"Haya, kunywa supu ya mbao," mkewe akasema. Akamsogezea kikombe chake mwenyewe, akaenda zake kumwagilia maua. Saa sita moyo wa mkewe ukasimama. Alikuwa amestaafu uuguzi miezi minane tu kabla ya hapo.

Wanaokuja kutoa pole husema mama alikuwa jasiri. Fundi huitikia. Moyoni anakumbuka mwaka wa ule ugonjwa wa mapafu ulioenea dunia nzima, alipogeuzwa kama ubao kwenye randa.

Mwaka ule mkewe aliongoza zamu katika chumba cha wagonjwa mahututi. Waliokuwa kwenye mashine za kupumulia walilazwa kifudifudi, mapafu yapate nafasi. Kumgeuza mmoja kulitaka watu watano, na mirija isichomoke. Wengi waligeuzwa. Wengi hawakuamka. Nyumbani mkewe hakuwataja.

Mchana mmoja, mkewe kalala baada ya zamu, fundi akajinyoosha kando yake. Akazinduka pua imezama godoroni. Mikono ya mkewe ilikuwa mabegani mwake, mwenyewe kafumba macho, anahesabu: "Moja, mbili, tatu, geuza!"

"Mama watoto, unaniua!"

Mkewe akaamka, akaona alichofanya. Siku hiyo hiyo akahamia kwenye kochi. Kicheko chake nacho kikahama, fundi asijue kimehamia wapi.

Hospitalini kulikuwa na mshauri wa wafanyakazi. Wauguzi wadogo yeye mwenyewe ndiye aliyewasukuma waende. Na yeye je?

"Mimi akili zangu timamu, fundi."

"Mganga hajigangi, mama."

"Randa mbao zako."

Fundi akaona mke anampotea naye yuko pale pale, kochini. Maneno hana. Ila kazi ya mikono anaijua: kitu kikikushinda, kifungue uone kilivyoungwa. Akaburuta godoro hadi sebuleni, akalala chali.

"Nifundishe. Ulikuwa unashika wapi?"

"Kichwa. Mshika kichwa ndiye anayehesabu."

"Basi hesabu. Mimi mgonjwa."

"Mgonjwa hasemi," mkewe akasema, akaanza kumgeuza.

"Huyu anasema. Taratibu, kiuno hicho! Ndevu zangu umezikalia! Nakushtaki kwa matroni!"

Mkewe akaangua kicheko. Katikati kikageuka kilio. Akakaa sakafuni, mkono begani mwa fundi, akaanza kusimulia habari za wagonjwa wake, mmoja mmoja: dereva wa lori aliyeomba anyolewe kwanza, bibi aliyekataa kuvuliwa pete. Fundi alibaki kifudifudi mpaka shingo ikakakamaa. Hakuthubutu kugeuka.

Kesho yake wakaenda kwa mshauri pamoja. Fundi alingoja nje, juu ya benchi lililoungwa ovyo, akimtukana kimoyomoyo aliyeliunga. Safari ya tatu alikuja na nyundo.

Baada ya safari ya nne, mchana, mkewe alirudi kitandani, upande wake wa ukutani. Fundi akajifanya kalala. Mara akasikia mikono mabegani. Safari hii ilikuwa mikono ya mtu aliye macho, na kicheko kilikuwa njiani.

"Wewe mzito kuliko wote niliowageuza, fundi, lakini wewe angalau unalalamika."