Unga Mweupe wa Mchwa

Juzi nilirudi Kimuli kumzika shangazi, na kwenye foleni ya kunawa mikono nikakutana na bwana shamba wetu wa zamani. Kastaafu, kanenepa. Nilimpa shikamoo kwa sababu nimelelewa hivyo, si kwa sababu anaistahili. Nikamuuliza mwewe wa pori letu walikwenda wapi.

"Walihama," akasema, akijipangusa mikono kwenye suruali. "Lakini kuku mlifuga kwa raha, au siyo?"

Kwa raha! Wewe hukumwona enzi zile. Alikuja na viatu vinavyong'aa kwenye matope yetu, akakusanya kijiji pale migomba inapoishia na pori linapoanza, akatoa unga mweupe wa kuua mchwa. Halafu akachovya kidole, akaulamba mbele yetu. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, mjinga mimi.

Bibi yangu peke yake ndiye aliyeuliza, "Na anayemla huyo mchwa?"

"Bibi, haya ni mambo ya kitaalamu," akajibu, akageuka kuutafuta mcheko wa watu. Akaupata.

Basi tukamwaga unga kwenye kila kichuguu. Mvua zilipoanza, kumbikumbi walitoka wakiyumba, na ndege wa porini wakawaokota bila hata kuwafukuza. Sumu ile haikuwa ya kwisha. Kila mdudu alibeba chembe yake. Ndege akameza wadudu mamia, chembe zote zikaganda kwenye mafuta yake. Mwewe naye akawala ndege. Wa mwisho kula ndiye aliyebeba sumu ya wote.

Msimu uliofuata vifaranga vya bibi vilikua vyote, hakikunyakuliwa hata kimoja. Majirani walishangilia. Bibi, ambaye maisha yake yote aliwatukana mwewe kwa Kinyambo kisichotafsirika, alinipandisha kwenye mti wao. Nikakuta mayai mawili yamepondeka kwa uzito wa mama yao, ganda jepesi kama la kitunguu. Nilimshushia kipande. Alikikunja kati ya vidole, akakaa chini kwenye nyasi.

Yule mtaalamu hakupanda mti wowote. Alipandishwa cheo.

Siku hizi pori lile ni kimya mpaka unasikia nguo yako ikikwaruza majani. Ninachokumbuka zaidi, hata hivyo, ni harufu ya kumbikumbi wakikaangwa kwa chumvi mvua ile, na sisi watoto tukigombania bakuli. Baadaye nilizaa watoto watatu. Wote niliwanyonyesha.