Watu Mia Tatu wa Nzisa

Nzisa alikuwa na kazi ambayo mama mkwe wake hakuwahi kuielewa: kutunza simu za watu. Kibanda chake kilikuwa katikati ya jiji, mkabala na jumba la mitihani ya uhasibu ambamo simu haziruhusiwi. Asubuhi watahiniwa walimwachia simu, naye akawapa kibao chenye namba. Kuzima hawakuzima. Zilishinda zikitetemeka kwenye visanduku kama vifaranga.

Jumanne moja wakaja Hanif na mkubwa wake, Waringa, kutoka ofisi ya mipango ya mji. Kampuni ya simu ilikuwa imewapa idadi ya simu zilizoko kila mtaa, bila majina, ili wajue huduma zipelekwe wapi.

"Mama, tunatafuta watu mia tatu," Hanif akasema.

"Wamefanya nini?"

"Wanakaa hapa kutoka saa mbili mpaka saa kumi. Hata lanchi hawaendi. Hata kusonga hawasongi."

Nzisa akavuta pazia. "Hawa hapa. Wasalimie."

Waringa alivitazama visanduku, akaitazama ramani yake, akaketi juu ya kreti ya soda. Ripoti, akaeleza, ilikuwa imeshafika kwa wakubwa: watu mia tatu wanasimama juani siku nzima, wajengewe choo.

Kusikia choo, Nzisa akasahau kucheka. Miaka sita alikuwa akijibana, maana huwezi kuacha simu za watu ukakimbilia choo cha kule stejini kwa mabasi.

"Sasa mtaifuta hiyo ripoti?"

"Lazima," Waringa akajibu. "Simu haiendi msalani."

"Mwenye simu anaenda! Anatoka kwa mtihani amebanwa, anaingia hiyo kichochoro. Njooni muhesabu na macho yenu."

Hanif akarudi na kalamu, siku tatu mfululizo. Alihesabu watu mia moja na arobaini walioingia kichochoroni, na mmoja aliyemtukana kwa kumkodolea macho.

Choo kikajengwa, milango miwili tu. Siku ya kukifungua, Nzisa hakungoja hotuba. Alimkabidhi Hanif kibanda.

"Usiguse kitu," akamwambia, huyo akaenda.

Simu moja ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Mara ya tano Hanif akashindwa, akapokea. Sauti ya mama wa mtu ikamvaa: wiki mbili nzima hapigi simu nyumbani, siku hizi anajiona nani?

Hanif aliomba msamaha mara mbili, akaahidi kwenda Jumapili.